Nani alijua, na nani anabaki na mzigo

Tarehe 30 Oktoba 1924, New York, jamaa mmoja anaitwa Thomas Midgley aliita waandishi wa habari akafanya kitu ambacho mpaka leo nikikisoma nashindwa niite ujasiri au uchizi. Alichukua kile kiambata cha risasi (ile madini, sio ya bunduki) ambacho yeye na wenzake wa kampuni ya magari ya General Motors walikuwa wamegundua kwamba ukikichanganya kwenye petroli injini inaacha kugonga, akajimwagia mikononi, alafu akaweka chupa puani akavuta mvuke wake kama dakika nzima, huku anawaambia watu kwamba angeweza kufanya hivyo kila siku na asipate shida yoyote. Maigizo yote hayo yalikuwa na sababu, maana siku chache kabla wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja New Jersey kilichokuwa kinatengeneza hicho kitu walikufa, na wenzao wengi walilazwa wakiwa wanaweweseka, wengine mpaka wamevalishwa nguo za kuwafunga mikono wasijiumize. Sasa kinachoniudhi ni hiki, mwaka 1923, yani mwaka mmoja tu kabla, Midgley mwenyewe alikuwa ameugua sumu ya risasi akaenda kupumzika Florida ili mwili upone. Alijua. Mwili wake ulishamwambia.

Petroli yenye risasi ikauzwa dunia nzima. Nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa ajili ya magari ya barabarani ilikuwa Algeria mwaka 2021, hebu piga hesabu, karibu miaka mia moja watoto wanavuta kitu kinachoharibu ubongo unaokua, na haikuwa siri kwamba risasi ni sumu, watu walijua tangu zamani za Warumi. Daktari Alice Hamilton, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza sumu za viwandani, alipinga hadharani mwaka 1925 kabisa. Hakusikilizwa.

Lakini huyuhuyu Midgley ana stori ya pili, na hii ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika. Miaka ya mwisho ya 1920 friji zilikuwa zinatumia gesi hatari, amonia, dioksidi ya salfa, vitu ambavyo bomba likivuja usiku mnaweza msiamke. Midgley na wenzake wakatafuta gesi mbadala isiyo na sumu na isiyoshika moto, wakaipata, zile gesi za jamii ya CFC (klorofluorokaboni), na mwaka 1930 akafanya tena maigizo yake mbele ya wanasayansi wenzake, akavuta pumzi ya gesi ile akaipuliza kwenye mshumaa na mshumaa ukazimika. Safari hii alikuwa anasema kweli. Gesi ile haikumdhuru na haikuwaka. Alikufa 1944, na ilipofika 1974, miaka 30 baadaye, ndio wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland wakaonyesha kwamba gesi hiyo hiyo salama ikipanda juu sana inavunjwa na mwanga wa jua, inaachia klorini, na klorini inakula tabaka la ozoni ambalo linatukinga na miale mikali ya jua.

Kwa hiyo una mtu mmoja, madhara mawili makubwa ya kidunia, na moja alijua na lingine hakujua na wala hakuwa na namna ya kujua. Ukinambia yote mawili ni sawa kwa sababu hewa imechafuka vilevile nitakukatalia, maana kumlaumu mtu kwa kitu ambacho hakuna binadamu yeyote alikuwa anakijua ni uonevu. Ila hapo hapo ndipo mabishano yangu na rafiki yangu mmoja huwa yanaanzia, yeye husema basi kama hana kosa stori imeisha. Mi nasema hapana, ndio kwanza inaanza. Tundu la ozoni halikujali kama lilitobolewa kwa nia njema. Lipo, na kuna watu watapata saratani ya ngozi kwa sababu yake, kwa hiyo lazima kuwe na mtu wa kulishughulikia, na kama aliyelianzisha ni marehemu na tena hana hatia basi huyo mtu ni yule anayejua sasa na ana uwezo sasa. Hiyo ndiyo pointi yangu yote kwa kweli. Kosa linategemea ulichojua wakati unafanya. Wajibu unategemea unachojua leo. Watu wengi wanavichanganya hivi viwili, alafu wakishajithibitishia kwamba hawana kosa wanaenda kulala.

Mfano ambao naupenda zaidi hauna bosi mbaya hata mmoja. Wafugaji wa India na nchi za jirani miaka ya 1990 walianza kuwapa ng'ombe dawa ya kupunguza maumivu, diklofenaki, dawa ya kawaida tu, hata sisi binadamu tunaimeza mgongo ukiuma. Ng'ombe mzee anachechemea, unampa sindano apate nafuu. Hivi kuna tendo la huruma zaidi ya hilo? Lakini ng'ombe yule akifa huku dawa bado iko mwilini na tumbusi wakaja kula mzoga, figo za tumbusi zinashindwa kazi na ndani ya siku chache wanakufa, na mzoga mmoja unalisha tumbusi wengi kwa mara moja. Kuna aina moja iliyokuwa imejaa angani kila mahali ambayo India ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Watafiti walihangaika, wengine walidhani ni virusi, mpaka 2004 Lindsay Oaks na timu yake waliokuwa wanafanya kazi Pakistan walipochapisha majibu kwamba ni ile dawa.

Na sio kwamba ni ishu ya ndege tu ati. Mizoga ikabaki inaoza, mbwa wa mitaani wakapata chakula bila mshindani wakazaliana, na mbwa wakiwa wengi kichaa cha mbwa nacho kinasambaa, maji nayo yanachafuka. Waparsi wa Mumbai ambao kwa karne nyingi dini yao inawataka kuwaachia ndege miili ya wafu wao, wakajikuta ndege hawapo tena. Mwaka 2024 wanauchumi wawili walichapisha makadirio yao kwamba kati ya 2000 na 2005 pekee watu zaidi ya 500,000 walikufa India ambao wasingekufa kama tumbusi wangekuwepo. Nusu milioni! Kwa hiyo mtu akija kuniambia habari za wanyama tuziweke pembeni kwanza tushughulikie watu, huwa namtajia tumbusi, ndege ambaye hakuna mtu anamwekea picha ukutani, mbaya wa sura, ananuka, na alikuwa anafanya kazi ya wizara nzima ya afya bila mshahara.

Mfugaji hana kosa hapo. Sijui nani anaweza kumnyooshea kidole. Lakini baada ya majibu kutoka, kila aliyeendelea kuuza ile dawa kwa ajili ya mifugo amehamia upande mwingine. Serikali za India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku mwaka 2006, wakaipata dawa mbadala, meloksikamu, iliyopimwa kwa tumbusi ikaonekana haiwadhuru, na mfugaji akaendelea kumhurumia ng'ombe wake bila kuua anga nzima. Sasa kuna waliokwepa kwa kununua chupa kubwa za diklofenaki ya binadamu na kuitumia kwa ng'ombe, mpaka India ikabidi 2015 izuie chupa kubwa zisiuzwe, zibaki ndogo za mililita 3 tu. Chupa ndogo kwa ng'ombe haina faida, unahitaji nyingi mno. Napenda sana hiyo akili, maana hawakuishia kuhubiri, walibadilisha saizi ya chupa.

Sasa twende kwenye giza lenyewe. Minamata, mji wa pwani kusini mwa Japani. Kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso kilikuwa kinamwaga maji taka yenye zebaki kwenye ghuba, zebaki ile inaingia kwa samaki na kombe, watu wanakula. Wa kwanza kupiga kelele walikuwa paka. Paka wa wavuvi walianza kuzunguka kama wanacheza ngoma, wanatetemeka, wanaruka, wengine wanatumbukia baharini, watu wakaita ugonjwa wa paka kucheza. Ndege nao wakaanza kuanguka. Alafu ndio watoto. Tarehe 1 Mei 1956 daktari mkuu wa hospitali ya kampuni, Hajime Hosokawa, aliripoti rasmi kwamba kuna ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu usiojulikana chanzo chake.

Hapo hakuna kosa kwa daktari, kinyume chake, yeye ndiye aliyepiga filimbi. Lakini Hosokawa hakuishia hapo, akawa anafanya majaribio yake kwa paka, na mwaka 1959 akamlisha paka mmoja, anajulikana kwa namba yake, paka wa 400, chakula kilichochanganywa na maji taka ya kiwanda chenyewe. Mwezi Oktoba paka yule akaanza kucheza. Majibu yakawa mezani, kwa mtu mmoja, ndani ya kampuni. Aliwaambia mabosi, mabosi wakamwambia aache, na hayakutangazwa. Mwezi Desemba mwaka huohuo kampuni ikasimika mtambo wa kusafisha maji taka, ikafanya sherehe, na mkuu wa kampuni akanywa glasi ya maji mbele ya watu kuonyesha yako safi. Ukweli ni kwamba mtambo ule haukutengenezwa kuondoa zebaki, na maji ya ile sehemu ya kiwanda yenye zebaki hayakuwa yanapita humo. Unaona inavyofanana na Midgley na chupa yake? Miaka 35 imepita, bahari nyingine, lugha nyingine, na mwenye kiwanda bado anatumia tumbo lake kama ushahidi, huku ushahidi halisi umefungiwa kwenye kabati. Siku chache baada ya sherehe hiyo wagonjwa walisainishwa mkataba wa pesa kidogo za pole wenye kipengele kwamba hata ikija kuthibitika kiwanda ndio chanzo hawatadai tena. Zebaki ikaendelea kumwagwa mpaka 1968.

Miaka tisa. Kutoka paka wa 400 mpaka bomba kufungwa ni karibu miaka tisa, na ndani ya hiyo miaka kulikuwa na mama wajawazito wanakula samaki, mama mwenyewe anaonekana mzima kabisa kwa sababu zebaki ilikuwa inapita kwenye kondo inaenda kwa mtoto. Madaktari wa wakati ule waliamini kondo la nyuma linamkinga mtoto na sumu, Minamata ilisaidia kuwaonyesha kwamba sivyo.

Mi mabosi sina muda nao sana, ukweli usemwe, watu wa namna ile tunawajua na mahakama ilishasema yake mwaka 1973. Ninayemfikiria ni Hosokawa. Kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa daktari mzuri, ndiye aliyewaona wagonjwa, ndiye aliyetafuta chanzo wakati angeweza kukaa kimya tangu mwanzo, na alipokipata akaambiwa nyamaza naye akanyamaza. Labda alifikiria kazi yake, labda aliona kampuni ndio mji wenyewe maana watu wengi wa mji wanaitegemea, labda alijiambia atabadilisha mambo taratibu akiwa ndani. Mwaka 1970, anaumwa saratani yuko kitandani hospitali, mawakili wa wagonjwa wakamfuata akatoa ushahidi wote kuhusu paka wa 400, na mwaka huohuo akafariki. Ushahidi ule ulisaidia sana kesi. Watu wengine wanamwita shujaa. Mi nashindwa kumwita shujaa na nashindwa kumwita muoga, ila najua kwamba kati ya watu wote wa stori hii yeye ndiye anayefanana na watu wengi zaidi ninaowajua, watu wa kawaida wenye mshahara, wenye roho nzuri, wenye kitu wanachokijua na bosi anayesema tuliache kwanza. Mhasibu anajua. Fundi anajua. Mkaguzi anajua, dereva wa lori la taka anajua anamwaga wapi. Madhara mengi makubwa duniani yana mtu kama huyu ndani yake, na uzito wa wajibu unakaa zaidi kwake kuliko kwa mimi na wewe tunaosoma habari baadaye na kukasirika bure, sio kwa sababu yeye ni mwovu zaidi, ila kwa sababu yeye ndiye aliye karibu na bomba na ndiye mwenye karatasi mkononi.

Ndio maana pia nadhani ni unafiki kumwambia mtu "sema ukweli" alafu tusimwekee kinga yoyote. Kama jamii inataka watu waseme basi sheria ya kuwalinda watoa taarifa sio hisani, na wao pia wana watoto wa kulisha.

Alafu kuna ile hali ambayo kila mtu anajua na bado. Rana Plaza, jengo la ghorofa nane Bangladesh lenye viwanda vya nguo. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa kubwa zilionekana kwenye nguzo na kuta, watu wakatolewa nje, na mhandisi akasema jengo sio salama. Benki iliyokuwa chini kwenye jengo hilohilo iliwaambia wafanyakazi wake wasirudi. Washonaji waliambiwa warudi kesho yake asubuhi, wengine walitishiwa kukatwa mshahara. Tarehe 24 jengo likaanguka, wakafa watu 1,134. Ule ufa uliokuwa hatari kwa karani wa benki ulikuwa hatari vilevile kwa mshonaji, isipokuwa karani alikuwa na mwajiri anayemwona kama mtu na mshonaji alikuwa na oda ya kumaliza. Na oda ilitoka kwa makampuni ya nguo ya Ulaya na Marekani yenye tarehe zao na bei zao za kubana mpaka mwisho. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ndio, lakini kuna watu wanalipwa vizuri kabisa ili wasijue, mnyororo umerefushwa makusudi, kampuni inampa kazi wakala, wakala anampa mwenye kiwanda, mwenye kiwanda anapanga kwa mwenye jengo, na likianguka kila mmoja anamwangalia aliyeko chini yake. Kujitengenezea kutojua mi nakuhesabu kama kujua. Wiki chache baadaye makampuni mengi ya nguo yalisaini makubaliano ya kukagua majengo, yenye nguvu ya kisheria, na viwanda vingi vikakaguliwa na kurekebishwa, maana yake ilikuwa inawezekana tangu zamani.

Sasa najua swali linalokuja, na mimi je? Nisiye na kiwanda, nisiye na paka wa 400, nilivaa shati tu nikapanda gari tu. Kwa hapa huwa sikubaliani na pande zote mbili. Kuna wanaotaka kila mtu ajione mhalifu kwa kila mfuko wa plastiki, wanakufanya uishi na hatia kuanzia unaamka, na ukweli ni kwamba hatia ya namna hiyo haisafishi mto hata mmoja, inawachosha watu tu na mwishowe wanaacha kusikiliza. Na inawapa nafuu wakubwa. Mwaka 1977 mwanasayansi wa kampuni ya mafuta ya Exxon anaitwa James Black aliwaeleza viongozi wa kampuni kwamba hewa ya kaboni inayotokana na kuchoma mafuta inaweza kupasha dunia joto, aliwaambia ndani ya kampuni yao, na bado kwa miongo iliyofuata kampuni ikatumia pesa kuwafanya watu waone hilo suala lina utata. Kumweka mtu aliyejua 1977 na ana mabilioni kwenye kundi moja na mtu anayechoma mkaa kwa sababu hana nishati nyingine, eti wote "binadamu tunaharibu dunia", hiyo ni hesabu ya ovyo. Neno "binadamu" hapo linaficha majina.

Ila upande wa pili nao, wanaosema mimi ni tone tu kwa hiyo hainihusu, nao nawakatalia. Huwezi ukawa umejua alafu ukarudi kuwa hujui. Unachodaiwa kinaweza kuwa kidogo sana, pengine ni kutonunua dawa flani, kupiga kura kwa mtu flani, kuuliza swali kwenye kikao ambalo hakuna anayetaka liulizwe, kumsimamia mwenzako aliyesema. Lakini kidogo hicho ni chako, na hakipungui kwa sababu cha mwingine ni kikubwa.

Kinachofanya haya mambo yawe magumu kwa mazingira kuliko kwa watu ni kwamba mto hauwezi kukushitaki na mtoto atakayezaliwa miaka 50 ijayo hawezi kuandamana. New Zealand walijaribu kitu, mwaka 2017 bunge lao lilipitisha sheria inayoutambua mto Whanganui kama mtu kisheria, na kuna wawakilishi wawili wa kuusemea, mmoja akiteuliwa na serikali na mwingine na Wamaori (wenyeji wa asili wa nchi hiyo) wa mto huo, ambao walikuwa wamedai haki zao juu yake zaidi ya miaka mia na msemo wao ni kwamba mimi ni mto na mto ni mimi. Nilipoisikia mara ya kwanza niliona kama mchezo wa wanasheria, lakini ukifikiri vizuri kampuni nayo ni mtu kisheria, inashitaki, inamiliki, inasaini, na hakuna anayecheka. Kama kiwanda kinaweza kuwa mtu basi maji yaliyo chini ya bomba lake nayo yawe na mtu wa kuyasemea. Paka wa Minamata walisema mapema kabisa, hawakuwa na wakili.

Turudi kwenye ozoni basi, kwa sababu rafiki yangu yule huwa anamalizia kwa kusema hayo yote ni mazuri ila haijawahi kutokea. Imetokea. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walichapisha vipimo vya tundu juu ya Antaktika, 1987 mkataba wa kupunguza gesi hizo ukasainiwa Montreal, Kanada, na ilipofika 2009 kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa ilikuwa imeuridhia, kitu ambacho hakikuwahi kutokea kwa mkataba wowote wa Umoja huo. Nchi tajiri ambazo zilikuwa zimetumia gesi zile zaidi zilianza kuacha mapema na zikachangia mfuko wa kuzisaidia nchi maskini kubadilisha viwanda vyao, kwa hiyo hata mgawanyo wa mzigo ulifuata nani amefaidi na nani ana uwezo. Makampuni yaliyokuwa yanapinga, baadaye yakauza gesi mbadala. Tathmini ya wanasayansi ya 2022 inasema tukiendelea hivi tabaka la juu ya Antaktika litarudi hali ya 1980 mnamo 2066 hivi. Wengi wa waliosaini 1987 hawatakuwepo, na Midgley aliyelianzisha tatizo bila kujua alishakufa miaka 43 kabla ya saini ya kwanza. Karibu wote walioingia gharama hawakuwa na kosa lolote, wakalipa hivyohivyo.